Je, Mmasai avue lubega kwanza ndipo abatizwe?

BARUA

Mheshimiwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa Kilutheri mkoani Morogoro. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo lililotushinda wazee wa mtaa, na mchungaji wetu, ambaye anahudumia mitaa kadhaa, ametuagiza tukae tupatane kabla hajaja kuendesha ibada ya ubatizo.

Karibu na kijiji chetu wamehamia Wamasai na mifugo yao. Mwinjilisti wetu alianza kuwatembelea kwenye maboma, na sasa zipo familia tano ambazo hazikosi ibada ya Jumapili na zimekwisha kumaliza mafundisho ya ubatizo. Amri Kumi wanazijua, Imani ya Mitume wanaijua, na mama mmoja asiyejua kusoma aliisema Sala ya Bwana mbele ya darasa zima bila kukosea neno. Hata hivyo wazee wenzangu wameweka masharti. Wanataka kwanza waache lubega na shanga, wanaume waje kwa suruali na wanawake kwa gauni. Waache kunywa damu ya ng'ombe, kwa kuwa Matendo ya Mitume sura ya 15 inakataza. Na yule mzee wa boma mwenye wake watatu abaki na mmoja. Mwenzetu mmoja aliongeza kwamba kabla ya yote hayo walipe mahindi yetu yaliyoliwa na ng'ombe msimu uliopita. Mwingine, ambaye ni mtu wa busara na ninamheshimu, alisema kuwa wokovu ni wa watu wote na hakuna anayelipinga hilo, lakini si lazima watu wote wasali chini ya paa moja, kwa hiyo hao wajengewe kanisa lao huko huko kwao.

Mimi mwenyewe moyo wangu umegawanyika. Shamba langu nalo liliingiliwa, ingawa sikupata kujua ng'ombe walikuwa wa nani. Kwa upande mwingine, siku ya sikukuu ya mavuno watu hao walileta kondoo dume, akanadiwa baada ya ibada, fedha ikaingia katika mfuko wa ujenzi, na sikumsikia mtu akiuliza mwenye kondoo alikuwa amevaa nini.

Lipo na la pili. Yule mzee wa boma aliuliza darasani kwamba baba yake, aliyekufa kabla ya kulisikia jina la Yesu, yuko wapi. Mwinjilisti akajibu palepale kuwa yuko motoni. Tangu siku ile mzee huyo huja ibadani lakini hukaa nje, na amesema hawezi kubatizwa aende mahali ambapo baba yake alikataliwa.

Naomba unisaidie. Masharti haya ni ya Mungu au ni yetu? Tunaposema wokovu uko wazi kwa watu wote tunamaanisha nini hasa? Na yule mzee nimwambie nini?

Mzee wa Kanisa, Morogoro

JIBU

Mpendwa Mzee wa Kanisa,

Amina. Wenzako wameitaja sura ya 15 ya Matendo ya Mitume kwa ajili ya damu, nami naomba mrudi pamoja muisome tangu mstari wa kwanza, maana kikao chenu kimo humo karibu chote. Watu walishuka kutoka Uyahudi wakawaambia waumini wa Antiokia waliotoka mataifa: “Msipotahiriwa kama desturi ya Musa hamwezi kuokoka.” Hawakusema kwamba Mgiriki hawezi kuokoka. Walisema anaweza, ila kwanza awe Myahudi. Na walikuwa na hoja yenye uzito kuliko yoyote iliyotolewa katika kikao chenu, kwa kuwa tohara ilikuwa imeamriwa na Mungu mwenyewe kwa Ibrahimu na imeandikwa katika Torati, wakati suruali haikuamriwa popote. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, yapata mwaka 49, wakahojiana sana, na Petro akasimama akawauliza kwa nini wanaweka juu ya shingo za wanafunzi kongwa ambalo baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kulichukua. Tohara ikaondolewa kwa watu wa mataifa. Ikiwa mitume waliondoa sharti lenye sahihi ya Torati, sioni mtaa wenu unapata wapi mamlaka ya kuweka jipya.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kati. Kusema wokovu uko wazi kwa watu wote ni kusema kwamba hakuna taifa linalolazimika kwanza kugeuka kuwa taifa jingine ili Mungu alipokee. Mmasai hatakiwi kuwa Mluguru, kama vile babu zetu hawakupaswa kuwa Wajerumani, ingawa mnakumbuka kuwa wengi wao walidaiwa hilo: waliambiwa waache ngoma, wakapewa majina ya Ulaya kwenye kisima cha ubatizo, na baadhi yetu tunayabeba hadi leo bila kujua maana yake. Yohana katika Ufunuo 7:9 aliona mkutano mkubwa wa watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha, na jambo linalonivutia katika mstari huo ni kwamba aliweza kuwatambua. Walikuwa wamekwisha kufika mbele ya kiti cha enzi na kabila zao zingali zinaonekana.

Kuhusu mavazi, basi, sitakaa sana. Watu wa umri wetu wanakumbuka kuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yenyewe iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa kama wengine, na nyote mnaona barabarani kampeni ile iliishia wapi. Kanisa halina sababu ya kuifufua. Atakayenukuu 1 Timotheo 2:9 dhidi ya shanga asome mstari wote, aone kuwa Paulo anataja pia dhahabu na mavazi ya thamani, kisha atazame benchi za mbele siku ya Pasaka. Kinachotakiwa ni mwili usitiriwe kwa heshima, na lubega inasitiri. Ikiwa ipo shanga au hirizi inayovaliwa kwa kuomba ulinzi wa mizimu, hilo ni jambo la imani, na mwinjilisti alizungumze na mhusika kwa upole, kama anavyopaswa kulizungumza na mkulima aliyefukia dawa kwenye kona ya shamba lake.

Sasa niseme juu ya yule mwenzako mwenye busara, kwa sababu nadhani hoja yake ndiyo hatari kuliko zote, na ni hatari kwa kuwa ni ya upole. Yeye hawazuii watu kuokoka; anataka tu waokokee mbali. Petro naye alifanya hivyo. Habari hiyo imo katika Wagalatia sura ya 2: huko Antiokia alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga, kwa kuwaogopa waliotahiriwa, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Angalieni kwamba Petro hakufundisha jambo lolote la uongo. Mtu angemwuliza kama Mgiriki anaweza kuokoka angejibu kuwa anaweza, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa mataifa. Alihama meza tu. Lakini Paulo alimkabili mbele ya watu wote, akasema kuwa hawaendi “sawasawa na ile kweli ya Injili”. Kwa Paulo, kuhama meza kulitosha kuikana Injili ambayo mdomo ulikuwa bado unaikiri.

Kwa sababu hiyo, kama Wamasai wenyewe wataomba mtaa karibu na maboma yao, kwa ajili ya umbali au ili wasali kwa Kimaa, muwasaidie kwa furaha, na siku za Meza ya Bwana mtembeleane. Lakini kuwajengea kanisa ili msishiriki nao kikombe kimoja ni jambo lingine kabisa, hata kama bati na saruji ni zilezile. Na yule kondoo wa mavuno, ambaye umemtaja kama kwa kupita, ni ushahidi mzito kuliko ulivyofikiri: mlikwisha kuipokea sadaka yao madhabahuni kama sadaka ya washarika.

Nakuja kwenye mahindi, na hapa sitaki kuwahubiria watu waliolala njaa. Ugomvi wa wakulima na wafugaji katika mkoa wenu umeua watu. Wasomaji wa Kilosa hawajasahau Rudewa, Desemba 2000, ambako wakulima zaidi ya 30 waliuawa. Machungu ya wenzako yana chanzo. Hata hivyo, Biblia haikuchagua mifano myepesi ilipotaka kuonyesha kuwa Mungu hana upendeleo. Ninawi, alikotumwa Yona, ulikuwa mji wa Waashuri, na ni Waashuri haohao waliokuja kuuangusha ufalme wa Israeli. Yona alikimbia kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe katika sura ya 4, alijua kuwa Mungu ni wa rehema naye hakutaka rehema hiyo iwafikie hao. Kornelio alikuwa akida wa jeshi la Kirumi, jeshi lililoikalia nchi ya Petro kwa mabavu. Ni nyumbani mwa mtu huyo, wala si mwa Mgiriki mpole mwenye duka, ambamo Petro alisema: “Hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo, bali katika kila taifa mtu amchaye na kutenda haki hukubaliwa na yeye.”

Dai la mahindi ni halali na lisifunikwe kwa jina la upendo. Lipelekeni kwa serikali ya kijiji, tathmini ifanyike, mwenye ng'ombe alipe. Lakini barua yako inakiri kuwa hata wewe hukujua ng'ombe walioingia shambani kwako walikuwa wa nani. Kama hakuna ushahidi kwamba ni wa familia hizi tano, basi wenzako wanamdai Mmasai mmoja deni la Mmasai mwingine, na hakuna mkulima kati yenu atakayekubali kunyimwa Meza ya Bwana kwa kosa la jirani yake. Hata pale deni linapokuwa la mhusika mwenyewe, tazameni habari ya Zakayo katika Luka 19: aliahidi kurudisha mara nne baada ya Yesu kujialika nyumbani kwake, wala hakuambiwa alipe kwanza ndipo mgeni aingie.

Suala la damu ni gumu zaidi, na ninafurahi kuwa mmelileta, kwa sababu ni kweli kwamba barua ya mitume iliyoondoa tohara iliwaagiza watu wa mataifa wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama zilizosongolewa, na uasherati. Wapo Wakristo, hasa wa makanisa ya Mashariki na Ethiopia, wanaoshika katazo la damu hadi leo, nao wanastahili heshima. Lakini Yakobo, aliyependekeza maagizo hayo, mwenyewe anataja sababu katika mstari wa 21: Musa alikuwa akisomwa katika masinagogi kila sabato, kwa maana kwamba Myahudi na Mgiriki walipaswa kukaa meza moja bila mmoja kumchukiza mwenzake. Mtaguso wa Florence, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1442, ulieleza kuwa sababu hiyo ilipokoma na katazo lilikoma. Ninyi Walutheri mna lenu la karibu zaidi, maana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, linakumbusha kuwa mitume waliagiza watu wajiepushe na damu, kisha linauliza ni nani anayelishika agizo hilo sasa, na linasema wasiolishika hawatendi dhambi. Na kama mnahitaji ushahidi wa nyumbani, kaulizeni Kilimanjaro, ambako kisusio, supu yenye damu ya mnyama, huliwa na watu waliobatizwa na kupata kipaimara, na sijasikia mtu amenyimwa ubatizo kwa sababu yake. Damu mbichi inaweza kumletea mtu maradhi ya mifugo, na hilo mwambieni afisa mifugo aje alifundishe kwenye maboma. Ni elimu ya afya, haihusiani na kisima cha ubatizo.

Kuhusu wake watatu, msiamue ninyi peke yenu. Dayosisi yenu ina utaratibu wake na mchungaji anaujua. Naomba tu mfahamu kuwa Wakristo wengine wamelitafakari hili kwa muda mrefu na wamebadilika. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Mkutano huohuo wa Lambeth, mwaka 1988, ukaruhusu abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu wake hao wangali hai, na ukasema asilazimishwe kuwaacha kwa sababu ya madhara yatakayowapata wanawake hao. Tofauti kubwa kati ya maamuzi hayo mawili ni kwamba katika la pili mtu aliuliza mke wa pili na wa tatu wataishi wapi. Katika kikao chenu sioni kama kuna aliyeuliza, na wanawake hao wamo darasani wakisubiri ubatizo wao wenyewe. Ndoa ya mke mmoja ndiyo mafundisho ya Kanisa, nayo ifundishwe bila kumung'unya maneno kwa vijana wa boma ambao hawajaoa.

Sasa yule mzee aliye nje. Swali lake ni la kale. Inasimuliwa kuwa Radbod, mfalme wa Wafrisia (watu wa pwani ya Uholanzi ya leo) aliyekufa mwaka 719, alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kisimani alipouliza wazee wake waliomtangulia wako wapi; alipojibiwa kuwa wako motoni aliutoa mguu, akasema ni heri awe pamoja na watu wake. Mwinjilisti wenu amelirudia jibu lilelile, na amepata matokeo yaleyale.

Sisemi kuwa mwinjilisti amebuni mafundisho. Wapo Wakristo wengi, wakiwamo waliotia sahihi Agano la Lausanne, tamko la Wakristo wa kiinjili la mwaka 1974, wanaoamini kuwa ujuzi wa Mungu ambao kila mtu anaupata kupitia uumbaji hautoshi kumwokoa. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, lilifundisha kuwa wale ambao bila kosa lao hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuyatenda mapenzi yake kadiri dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu. Pande zote mbili zinakiri kuwa anayeokoa ni Kristo peke yake, kama Petro alivyosema katika Matendo 4:12. Zinatofautiana juu ya namna anavyomfikia asiyesikia. Na hata wa upande mkali zaidi hajapewa kiti cha kumhukumu marehemu fulani, baba wa mtu fulani, ambaye hakuwahi kumwona. Paulo aliwaambia watu wa Athene kuwa “zamani zile za ujinga Mungu alijifanya kama hazioni”, na katika Warumi 2 anasema juu ya mataifa wasio na sheria ambao dhamiri zao huwashuhudia. Ibrahimu, alipokuwa akiwaombea watu wa Sodoma ambao hawakuwa wa kabila lake, aliuliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Mwambieni mzee kwamba baba yake yumo mikononi mwa Mhukumu huyo, na kwamba ninyi hamjui zaidi ya hapo.

Akiuliza kama basi kila mtu ataokoka hata akikataa, msimdanganye ili kumfariji. Kanisa lenu linafundisha kuwa Mungu anataka watu wote waokolewe, kama ilivyo katika 1 Timotheo 2:4, na kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Katika hili Walutheri walitofautiana na Wakalvini, wafuasi wa mwanamatengenezo Yohane Kalvini, ambao baadaye kwenye sinodi ya Dort, 1618 hadi 1619, walifundisha kwamba kifo cha Kristo kinawaokoa wateule peke yao. Lakini mlango kuwa wazi haumburuti mtu ndani. Yeye amesikia, baba yake hakusikia, na swali lililo mbele yake ni lake.

Kwa utaratibu, ningeshauri hivi. Mwinjilisti mwenyewe aende bomani, nawe umsindikize kwa kuwa una umri wa kukaa na mzee mwenzako, na aseme kwamba alijibu jambo lisilo lake kulijibu. Asitume mtu. Muulizeni mzee habari za baba yake, alikuwa mtu wa namna gani, na alimwombaje Mungu wakati wa ukame, kisha msikilize bila haraka ya kufikia ubatizo. Baada ya hapo rudini kwenye kikao. Pendekeza kwamba kila sharti lisomwe peke yake, na aliyeleta atoe mstari wa Biblia au kifungu cha ungamo lenu kinachomtaka mtu alitimize kabla ya kubatizwa. Suala la wake lipelekwe kwa mchungaji kama lilivyo, bila pendekezo. Suala la mahindi liende kijijini. Katibu aandike yote katika muhtasari, pamoja na masharti ambayo hayakupata mstari na majina ya waliotaka yabaki, kwa sababu mchungaji ataomba kuusoma kabla ya kupanga tarehe.